Nyaya za Boti na Mkufu wa Mahari



Wengi mnanijua kwa mashela na magauni ya nikah, na najua kuna mliofungua mkidhani leo nawaletea lesi mpya. Leo nawaandikia habari za nyaya za umeme kwenye boti. Msikimbie. Kuna bi harusi ndani yake, na kuna mkufu wa dhahabu ambao nusura uuzwe.

Mimi ni fundi cherehani, duka langu lipo Kiseke, Manispaa ya Ilemela, hapa Mwanza. Nilimaliza kidato cha nne, nikasoma ushonaji, nikaanza na cherehani moja ya kukanyaga kwenye baraza la mama. Miaka mitatu iliyopita msimu wa harusi ulikuwa mzuri, alhamdulillah, nikanunua boti ya kuvulia dagaa. Sikukopa, maana mikopo yenye riba naiogopa, ndiyo sababu vitu vyake nimevinunua kidogo kidogo. Boti inalala mwalo wa Igombe, na nahodha ni mdogo wangu, tumbo moja. Wapo wanaosema mwanamke akigusa boti ya uvuvi anailetea mkosi. Nawajibu kwamba Bibi Khadija, radhi za Allah ziwe juu yake, alikuwa na mali kwenye misafara bila yeye kupanda ngamia wa msafara. Mimi huenda Igombe boti ikiwa imepandishwa mchangani, nakagua, nachukua hesabu, narudi kwenye cherehani yangu.

Nyinyi wa visiwani mnajua uvuvi wa baharini, lakini huenda dagaa wa Ziwa Victoria hamjui anavyovuliwa. Anavuliwa usiku, siku zile ambazo mwezi haupo angani. Sisi tunaziita siku za giza. Mbalamwezi ikishawaka, boti zinapumzika, nyavu zinashonwa. Kwenye giza wavuvi wanawasha taa zinazoelea juu ya maji, dagaa wanaifuata nuru, wanakusanyika, ndipo wavu unapita chini yao. Zamani zilikuwa karabai za mafuta ya taa. Siku hizi ni taa za LED na betri. Kwa hiyo kwetu umeme wa boti ndio kazi yenyewe. Taa zikizimika hakuna dagaa, na hakuna mgao wa wavuvi.

Sasa mimi, ninayemwambia mteja asinunue kitambaa cha bei rahisi kwa siku yake kubwa, nilitafuta rahisi kwenye boti. Kuna kijana alikuwa anazunguka mwaloni akifunga umeme. Alitumia nyaya nyembamba za spika, akaziunga kwa kuzisokota na kuzizungushia solotepu nyeusi, akazipitisha chini ya ubao wa kukalia, karibu na dumu la petroli. Hakuweka fyuzi hata moja. Alimaliza kwa nusu siku. Nilimsifu kwa wepesi wake! Nikamlipa, nikaondoka nimefurahi kwamba nimeokoa pesa.

Mdogo wangu alioa mwaka jana. Gauni la wifi yangu nilishona mwenyewe, krimu, mikono mirefu, shanga za kifuani nilikaa nazo usiku tatu. Mahari yake alitaka mkufu wa dhahabu, si mkubwa, na alipewa mkononi mbele ya mashahidi. Wiki tatu baada ya nikah giza likaingia, mume wake akarudi ziwani.

Usiku wenyewe ulikuwa wa mvua. Ziwa letu lina tabia ambayo wageni hawaijui: radi zake hupiga zaidi usiku kuelekea alfajiri. Mchana upepo hutoka ziwani kuja nchi kavu. Usiku hugeuka, unatoka nchi kavu kila upande kwenda katikati ya ziwa, unakutana huko na kupandisha mawingu. Mvuvi wa dagaa yupo kazini saa hizo hizo.

Mdogo wangu anasema ilikuwa kama saa tisa usiku. Waya mmoja ulikuwa umesuguana na ubao safari baada ya safari mpaka ganda likaisha, na mawimbi ya usiku ule yakamaliza kazi. Shaba ikagusa shaba. Waya ukawa mwekundu kama kuni ya jikoni, solotepu ikaanza kuyeyuka na kutoa moshi, na dumu la petroli liko pale pale. Alishika kibanio cha betri kwa mkono mtupu akakichomoa. Kiganja chake cha kulia kina alama mpaka leo. Baada ya hapo giza tupu. Hapakuwa na taa za kuvulia wala taa ya kuonekana na wengine, na simu yake waliyokuwa wanaichaji kwenye betri hiyo hiyo ilikuwa imebakiza kidogo, ikafa. Injini ilikuwa nzima, lakini kwa mvua ile hawakujua nchi kavu iko upande gani. Wakatia nanga wakasubiri kukuche. Boti ya mizigo iliwapita karibu sana, haikuwaona. Waliogonga ndoo na kupiga takbira ndio wao wanne.

Sisi nchi kavu hatukujua lolote katika hayo. Kawaida wanafika saa moja asubuhi. Saa mbili ikapita, saa nne ikapita. Wifi alikuja dukani kwangu akakaa kwenye kizingiti, hataki kiti. Kila dakika anapiga simu, na kila dakika yule dada wa mtandao anamwambia mteja hapatikani. Watu wa Mwanza hatuhitaji kusimuliwa ziwa ni nini. MV Bukoba ilizama Mei 21, 1996, nikiwa mtoto, na ninachokumbuka ni watu wazima kunyamaza ghafla redio inapoanza kusoma. MV Nyerere ilipinduka Septemba 20, 2018, ikiwa inakaribia kabisa kufika Ukara, wakafa watu zaidi ya 200. Nikamwangalia yule binti ana hina mikononi bado haijafutika vizuri, na kichwani nikajikuta nahesabu eda. Allah anisamehe. Nilikuwa nimeshahesabu mpaka mwezi gani.

Walifika baada ya adhuhuri. Wakubwa wote wanne wazima, dagaa hakuna, mkono wa mdogo wangu umefungwa kwa kipande cha shati.

Usiku ule sikulala, na nilichokuwa nawaza si ziwa. Ziwa lilitupa mvua kama siku zote. Zile nyaya nilizinunua mimi.

Kesho yake nikatafuta fundi mwingine, kijana aliyesomea umeme VETA, ana kibanda Kirumba. Nikamwambia nitalipa unachotaka kwa sharti moja, kila unachofunga unanieleza mimi, na mimi nitakaa hapo hapo mchangani nimeshika daftari. Alicheka. Halafu akaona sicheki. Nikaenda na mwanangu mkubwa na mwavuli, nikakaa siku mbili.

Dada zangu, mtu aliyeshona nguo umeme wa boti haumshindi. Jambo la kwanza alilonifundisha ni fyuzi. Nilikuwa nadhani fyuzi inailinda taa. Kumbe inaulinda waya. Umeme ukizidi kile ambacho waya unaweza kubeba, fyuzi inakatika kabla waya haujapata moto. Kwenye kushona ni hivyo hivyo, heri uzi ukatike kuliko kitambaa kichanike. Na fyuzi kuu inakaa karibu kabisa na betri, kwenye waya wa chanya, kwa sababu kipande cha waya kilicho kati ya betri na fyuzi hakina mlinzi. Tuliweka ya ampea 15, na kila taa ikapata yake ndogo ya ampea 3.

Pili, unene wa waya. Waya mwembamba na mrefu unakula umeme njiani, taa ya mwisho inawaka kama imekasirika. Tuliweka milimita sita za mraba kutoka betri hadi kwenye kisanduku, na mbili na nusu kwenda kwenye taa. Maungio hayakusokotwa tena, yanabanwa kwa plaizi maalumu kwenye vichwa vya shaba, halafu yanavalishwa mpira unaosinyaa ukipashwa moto, maji hayaingii. Nyaya zote zikapita ndani ya bomba la plastiki, juu, ubavuni mwa boti, mbali na mahali pa kukanyaga. Hapo kuna jambo ambalo kila mwenye boti ya petroli alijue: mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, unashuka na kutuama chini ya boti. Cheche chini ya ubao ndiyo mahali pabaya kuliko pote. Betri yetu sasa ipo juu, kwenye sanduku lenye kifuniko, na dumu lipo upande wa pili.

Mliopo Unguja, Pemba, Mafia na kwingineko kwenye maji chumvi, nyinyi mna kazi kubwa kuliko sisi. Maji yetu ni baridi, hayana chumvi, shaba haili upesi. Kwenu chumvi inaingia ndani ya ganda na waya unakuwa wa kijani kwa ndani wakati nje unang'aa. Fundi alisema kwa baharini uulize waya wa shaba iliyopakwa bati. Ni ghali zaidi. Mwambie mumeo au kaka yako asiseme tutaona.

Sasa nije kwenye mkufu.

Siku ya pili ya kazi wifi alikuja mwaloni. Akamvuta fundi pembeni, akamuuliza habari za dishi la intaneti ya satelaiti. Alikuwa ameona kwenye simu, watu wapo katikati ya bahari wanapiga simu za video. Kenya huduma ya Starlink ipo tangu Julai 2023, kwa hiyo si jambo la hadithi. Fundi akamweleza vizuri tu: satelaiti zile zinazunguka chini, kama kilomita 550 juu yetu, wakati zile za madishi ya televisheni zipo kilomita 36,000 hivi, ndiyo maana mazungumzo hayacheleweshi. Wifi akaja kwangu. Akafungua kitambaa. Mkufu.

"Wifi, uuze huu. Muweke dishi. Mimi siwezi tena kukaa kwenye kile kizingiti."

Mahari ni ya mwanamke, hilo mnalijua. Baba yake hana haki nayo, mumewe hana, na mimi mwenye boti sina hata chembe. Angeweza kuuza bila kuniuliza. Na ningeweza kukubali, kwa sababu boti ni yangu na dishi lingekuwa juu ya boti yangu. Nawaambia ukweli, kwa nusu dakika nilitamani. Boti ya Igombe yenye intaneti! Vijana wangegombania kuvua kwangu.

Nilimwambia twende nyumbani kwanza. Kwenye meza ya kukatia nikachukua chaki ya kitambaa nikamwandikia kama nilivyofundishwa. Taa zetu nne, kila moja wati 15, jumla wati 60. Gawanya kwa volti 12, ni ampea 5. Usiku wa saa kumi ni ampea-saa 50. Betri yetu imeandikwa 100, lakini betri ya risasi ukiimaliza zaidi ya nusu unaiua mapema, kwa hiyo tunazo 50 za kutumia. Zimekwisha, zote, kwenye taa. Dishi la kawaida linakula wati 75 hadi 100 peke yake. Maana yake usiku mzima ama unavua ama unaongea.

Wifi si mjinga. Alisoma mpaka kidato cha sita. "Lile dogo je?"

Dogo ni wati 25 hadi 40. Bado linakula sehemu kubwa ya zile 50 za kutumia.

"Basi waliwashe dakika kumi tu, wakifika, na wakitaka kurudi."

Hapo alinibana. Dakika kumi betri haizisikii. Nilikaa kimya, nikaichora boti yote juu ya meza, nikaweka alama pale waya ulipoungua. Nikamuuliza, usiku ule dishi lingekuwepo, lingechota umeme wapi? Akatazama. Kwenye betri ile ile. Dakika ile mume wako alipochomoa kibanio kwa mkono wake, dishi lingezimika pamoja na taa. Ungekuwa umeuza mkufu, na saa tisa usiku yule dada wa mtandao angekwambia vile vile.

Alilia kidogo. Mimi pia.

"Kwa hiyo nikae tu, wifi? Niseme nimetawakali?"

Nikamkumbusha yule bedui na ngamia wake, ambaye Mtume, rehema na amani zimshukie, alimwelekeza amfunge kwanza ndipo atawakali. Nikamwambia kamba yetu ya kumfungia ngamia iko pale mwaloni, inapitishwa kwenye bomba la plastiki, njoo uione. Kesho yake tulikwenda wote, akashika yeye ile plaizi na kubana kichwa kimoja. Kipo upande wa kushoto, kwenye taa nyekundu.

Taa nyekundu ni kushoto, kijani ni kulia, nyeupe nyuma. Sikuwahi kujua. Nahodha wa chombo kingine akiona rangi anajua wewe unaelekea wapi. Tulizifunga hizo pia, zina waya wake na fyuzi yake, ili taa za kuvulia zikifa boti iendelee kuonekana. TASAC ndio wanaokagua vyombo vidogo, na kama boti yako haina taa wala jaketi okozi usisubiri wao wakwambie. Jaketi tulikuwa nazo mbili kwa watu wanne. Aibu yangu hiyo, naiandika ili inibakie. Sasa ni tano.

Betri hatuichaji tena kwenye boti. Paneli mbili za wati 100 ziko juu ya paa la kibanda chetu mwaloni, betri inabebwa asubuhi, jioni inarudi imejaa. Na tuna betri nyingine ndogo, haijaunganishwa na chochote isipokuwa chaji ya simu na tochi. Simu yenyewe ni kitochi cha vitufe chenye laini mbili za mitandao tofauti, kinakaa ndani ya mfuko usioingia maji. Mpaka mahali fulani mtandao unashika, halafu unapotea, halafu karibu na visiwa unarudi. Mdogo wangu anapajua pale unapopotea. Kabla hajapapita anatuma neno moja, "Tunaingia." Asubuhi akipapita anatuma "Tumetoka."

Kuhusu redio za kuongelea, zile ambazo meli husikiliza chaneli 16, fundi alinishauri nisubiri. Redio inataka mtu wa kusikiliza upande wa pili, na inataka kibali cha TCRA. Tumekubaliana wenye boti wanne wa mwalo wetu tununue pamoja msimu ujao, inshaAllah, ili boti zisikilizane. Dishi nalo sijalikataa milele. Siku litakapokuwa na kibali huku kwetu, na boti ikawa na betri yake ya pili, tutazungumza, na si kwa mkufu wa mtu.

Mtauliza gharama. Ilinila kama milioni moja na laki tisa, paneli na jaketi zikiwemo. Hiyo ilikuwa pesa ya mashine yangu ya ovaloki. Baba watoto alinitania kwamba nimekuwa fundi umeme ninayepeleka mapindo kwa jirani, na kweli mpaka sasa mapindo napeleka kwa jirani, ananitoza kila gauni. Kijana wa kwanza sikumfuata kumdai. Yeye alifunga cha bei niliyotaka.

Wifi ndiye mtu wa daftari sasa. Jioni anatazama utabiri wa ziwa wa Mamlaka ya Hali ya Hewa, na mara mbili ameshawazuia wasitoke. Mara ya kwanza wavuvi walinung'unika sana kwamba wanaongozwa na bi harusi. Siku hiyo hata mvua haikunyesha, wakamcheka wiki nzima. Mara ya pili ilinyesha, na upepo uling'oa mabati mawili ya kibanda pale mwaloni. Hakuna aliyesema kitu. Mmoja wao alimletea kilo mbili za dagaa waliokaushwa vizuri, hawana mchanga.

Wiki hii giza limeanza tena. Jana alikuwa hapa dukani ananisaidia kushona shanga za gauni la binti wa Buswelu, nikah ni Ijumaa. Mkufu uko shingoni, chini ya hijabu, unaona mnyororo tu anapoinama. Saa mbili kasoro usiku simu ikalia. Akasoma, akaandika saa kwenye daftari, akasoma ile dua ya Nabii Nuh ya kupanda chombo kwa sauti ya chini, akaniomba nimpitishie sindano nyembamba zaidi.